Nyota Sita mu Bendera ya Baba Ngoie

Ninyi bote munaniitaka Mama Nyota, na bengine kati yenu (nabajua, niko nabaangalia sasa hivi) munafikiri ni jina ya sifa, eti juu ya macho yangu wakati nilikuwa kijana, ao juu ya kuimba muzuri mu shapele, ile kanisa yetu ndogo. Hapana. Ni jina ya haya. Niliipata mangaribi moja, siku moja mbele Noeli ifike, mbele ya treni nzima ya bantu, padri moja, muzungu moja na ng'ombe moja, na mpaka leo nikikumbuka masikio yangu inawaka moto. Kama niko nasema leo, ni juu ya Mama Mbuyi, jirani yangu, yenye kila mara akisimulia hii habari anaongeza: nyota ilikuwa paka sita tu, yeye sasa amefika ku kumi na mbili. Basi musikie kwa mwenyewe.

Kwanza mujue ugonjwa yangu. Minyi nilizaliwa Kinkondja, ku ziwa, mu bantu ya samaki, na tangu butoto kila kitu nikiiona nataka kujua baliitengeneza namna gani, ndani yake kuko nini, nyuma yake kuko nini. Nilifumuaka kikapo nzima ya nkambo yangu, mama ya mama, kwa kutafuta pale mwanzo ya kusuka iko (iko katikati ya chini, kama munataka kujua, lakini nilipigwa mbele sijafurahi). Mama yangu alisemaka: "Weye mutoto, hii kutaka-kujua yako itakufikisha pabaya." Ilichukua miaka, lakini ilinifikisha.

Baba Ngoie aliniowa, njo nilifika Kamina, mu kampi ya reli. Kazi yake ilikuwa kulinda barriere, pale barabara inakata reli karibu na kampi: treni ikikaribia, anashusha ule muti murefu ya kufunga njia, bantu na baiskeli banasimama, yeye anatoka mu kajumba yake, kaptura imepigwa pasi, anasimama wima sawa musumari, na anaonyesha bendera. Bendera ilikuwa mbili, kila moja imevingirishwa ku fimbo yake: ya kijani kwa kusema pita, ya nyekundu kwa kusema simama. Lakini (na hapa njo shetani alipatia mulango) mu miaka tisa ya kazi minyi nilionaka paka ile ya kijani ikifunguliwa. Reli ilikuwa muzuri, treni inapita, kijani, kijani, kijani. Ile nyekundu inaenda ku kazi asubui imevingirishwa, inarudi mangaribi imevingirishwa, sawa muntu yenye anakulaka posho ya bure. Siku moja nilimuuliza: "Baba Ngoie, na hii ingine inafanyaka kazi gani?"

Alijibu: "Inangojea."

Ni vile tu. Inangojea. Sasa minyi ningeelewa nini?

Na sisi pia ule mwaka tulikuwa tunangojea. Kulikuwa muzungu moja ya inspeksio, bantu balimuita Bwana Metele juu alitembeaka na metele ya mbao ya kukunja mu mufuko ya shati, na alikuwa anapima kila kitu, reli, mulango, urefu ya majani pembeni ya njia (siku moja alipima mpaka kofia ya kapita, musimamizi ya bantu ya kazi, na kapita iko mu kofia). Alikuwa anakuja na treni ya mbele ya Noeli. Akikuta barriere iko sawa, Baba Ngoie anapanda kapita, tunahamia nyumba ya matofali ya byumba mbili, na mutoto yetu Ngoie anaacha kulala karibu na majiko. Akikuta mambo mubaya, ni barua moja tu, na munatoka mu kampi na mafurushi ku kichwa. Minyi nilijua muzuri njia ya kurudia Kinkondja kukausha samaki, na nilijua pia mama yangu atasema nini nikifika pale.

Basi ile juma Katekista Petelo alisimama mu shapele ya kampi, alisema: "Bamama, hii mwaka hakuna kununua kitu. Kila nyumba ilete pambo moja ya Noeli, ya kutengeneza na mikono, na bitu yenye iko ku nyumba. Yenye itapita ingine kwa uzuri, tutaitundika juu ya kibanda ya Mutoto Yesu."

Mama Mbuyi aliniangalia. Minyi niliangalia dari.

Juu minyi nilikuwa nimeona kitu. Nilikuwa napelekaka mayai kwa Madame, bibi ya shefu de gare, mukubwa ya stesheni, na ile juma, pa dirisha yake, niliona muti. Muti, ndani ya nyumba! Mu ndoo, na bulongo yake, na ku matawi kunaninginia bitu ya kungaa, mipira midogo, nyota nyekundu, sijui nini tena. Nilisahau mayai mu mikono. Ni gilasi ao ni karatasi? Nani alipuliza ile mipira, na kinywa ao na masini? Na ile nyota inabakia ngumu namna gani, mbona hailegei? Nilisogea, nilisogea tena kidogo, mpaka pua yangu ilifika ku gilasi ya dirisha, njo Madame alifunga rido, ile pazia yake. Nilirudi ku nyumba na maswali yangu yote haijajibiwa, na muntu ya namna yangu akikosa jibu, anaanza kuitafuta na mikono.

Siku tatu nyumba yetu ilikuwa sawa nyumba ya muganga. Nilikusanya karatasi ya feza yenye inakuwaka ndani ya paketi ya sigara (nilikuwa nafuata babaume mu kampi, "Baba, ukimaliza usitupe"), bifuniko ya mikebe ya sardini, maganda ya mayai, manyoya ya kuku. Nilitoboa yai na shindano juu na chini, nilipuliza mpaka mashavu ilivimba, yai yote ilitoka, ganda ilibakia nzima, nyepesi sawa hakuna kitu. Aa! Kumbe njo vile! Nilicheka peke yangu. Nilipakaza ganda uji ya muhogo, nilibandika karatasi ya feza juu yake, ilingaa kupita ya Madame, ao tuseme karibu. Majani ya muhogo, ile sombe, nilitwanga, maji yake ilinipatia kijani. Lakini nyekundu! Nyekundu ilinishinda. Nilijaribu mafuta ya ngazi, ile ya mawese: karatasi iligeuka manjano, na panya bote ya kampi balikuja kusalimia. Nilijaribu nkula, ile unga ya muti yenye bankambo balijipakaaka mu mwili: ilitoka rangi ya matofali. Nilijaribu nyanya: nzi. Na Noeli bila nyekundu ni Noeli gani?

Siku mbili mbele ya Noeli, Baba Ngoie alikuwa na mapumziko. Alikwenda kwa kinyozi juu ya inspeksio, aliacha bendera yake mbili nyuma ya mulango. Nilipita pale mara ya kwanza, sikuangalia. Nilipita mara ya pili, niliangalia. Mara ya tatu nilisema, nataka paka kujua ni kitambaa ya namna gani, si zaidi. Nilifungua kamba.

Yo! Ilikuwa nyekundu ya kweli. Miaka tisa haijaona jua, sawa imetoka ku duka ile saa. Nilisimama nayo mu mikono, na akili yangu ilianza kufanya hesabu (ile akili, kama ingekuwa muntu ningemufukuza): nikikata nyota moja tu, pale katikati, kisha nikivingirisha bendera tena, katikati inaingia ndani, inje inaonekana paka pindo yake, na nani ataifungua? Hakuna muntu anaifunguaka. Noeli ikiisha nitashona nyota yangu pahali yake, kwisha maneno.

Nilichora na makala, nilikata. Nyota moja ilionekana peke yake, maskini, nilikata ya pili kwa kuisindikiza. Mbili ilikuwa sawa macho inaniangalia, nilikata ya tatu. Nilipofika ku sita njo nilisimama, na haikuwa juu ya akili, ni juu katikati ya bendera iliisha.

Niliivingirisha, nilifunga kamba yake, niliirudisha nyuma ya mulango, nilienda mbali kidogo kuangalia. Hakuna kitu inaonekana. Baba Ngoie alirudi na kichwa yake imenyolewa muzuri, alipitisha kidole ku fimbo mbili kuona kama kuko vumbi, hakuona vumbi, alifurahi. Minyi nilimupatia bukari na nyama, nyama mbili.

Ile nyota niliitumbukiza mu uji ya muhogo, niliianika ku jua, ilikauka ngumu sawa mbao (basi ile swali ya Madame nayo nilikuwa nimeijibu). Asubui nilipeleka yote ku shapele, mayai ya feza na nyota nyekundu, tulitundika ku tawi kubwa juu ya kibanda, na bamama balisogea karibu. Katekista Petelo alitosha kofia ku kichwa. "Mama Ngoie, hii ni mikono yako?" Mama Mbuyi alikuwa ameleta malaika ya majani ya muhindi, ilikuwa muzuri, siwezi kukana, hata kama moja ilifanana na nguruwe. Alikuja karibu, alishika nyota moja na bidole mbili.

"Hii kitambaa uliitosha wapi?"

"Dada yangu alinitumia, toka Luena."

"Dada yako ya Luena, yenye anakuja hapa na kiraka ku matako?"

"Mama Mbuyi, hii ni wakati ya Noeli."

Aliachia ile nyota, lakini macho yake haikuiachia.

Basi tufike. Saa kumi ya ile siku, mvua imetoka kuisha, jua inawaka juu ya maji, minyi niko napeleka sombe ya Baba Ngoie ku barriere, sufuria ku kichwa. Bachungaji balikuwa banapitisha ng'ombe ya sikukuu, inatoka ku malisho inaenda ku mji. Ya kwanza ilipita, ya pili ilipita, zote zilipita, ila dume moja nyeupe, kubwa, lilifika katikati ya reli, liliangalia kuume, liliangalia kushoto, lilikunja miguu, lililala. Bachungaji balivuta mukia. Balivuta pembe. Balisukuma. Ng'ombe iko inatafuna tu, sawa iko ku nyumba yake. Na kule mbali, nyuma ya kona, treni ilipiga filimbi.

Baba Ngoie hakuwaza mara mbili. Alitupa ile ya kijani, alishika ya nyekundu, alianza kukimbia pembeni ya reli kuelekea treni, na mukono moja iko inafungua kamba. Nilitupa sufuria (sombe yote ku matope), nilimukimbilia, nilipiga kelele na nguvu yangu yote: "Baba Ngoie! Usifungue!"

Munacheka. Ni sawa, mucheke. Treni inakuja, ng'ombe iko ku reli, na bibi ya mulinzi iko analia eti bendera isifunguliwe. Mu maisha yangu nilisemaka maneno mingi ya bujinga, lakini ile njo inapita yote.

Alifungua. Aliinyoosha yote, aliipepea juu ya kichwa, na jua iliingia mu ile matundu, nyota sita ya mwangaza ilianguka juu ya majiwe ya reli, akipepea inaruka huku, akipepea inaruka kule. Na nitawaambia ukweli, hata mu ile woga, kitu kidogo mu roho yangu ilisema: ee, inapendeza.

Treni ililia, ililia na machuma yake yote, na ilisimama. Mbele ya ng'ombe ilibakia hatua kumi, labda hata kumi haikufika. Kisha kichwa moja ilitoka pa dirisha, ya pili, ya ishirini, na muntu moja mu kilase ya tatu alianza kucheka, ilipita toka behewa mpaka behewa, treni nzima inacheka.

Baba Ngoie alikuwa angali wima sawa musumari, mukono juu. Alisikia bantu banacheka, aliangalia kaptura yake kama imepasuka. Haikupasuka. Njo alishusha mukono na aliangalia bendera, pole pole, na mu tundu moja, ile ya chini, aliniona minyi.

Bwana Metele alishuka, na Padri nyuma yake, muzee ya ndevu yenye alikuja kwa misa ya Noeli. Bwana Metele alichukua bendera, aliinyoosha mbele ya uso yake, alituangalia bote kupitia matundu, tundu kwa tundu.

"Ilunga," alisema (njo jina ya Baba Ngoie ku kazi), "hii ni nini?"

Bwana yangu hakujua kitu, lakini alijua anaishi na nani. Alisema: "Panya, Bwana."

"Panya." Bwana Metele alitosha metele yake, aliikunjua, alipima tundu moja, alipima ya pili. "Ncha tano. Kila nyota iko sawa na ingine. Hii panya ilisoma masomo mingi."

Padri alikuja pembeni yake, aliangalia ile nyota, aliangalia ng'ombe yenye ingali inalala ku reli, alisema na sauti ya chini: "Nyota iko. Ng'ombe iko. Inabakia paka mutoto." Ku madirisha balicheka upya, na benye kuwa mbali baliuliza alisema nini, na balielezewa, na balicheka bao pia.

Hata pale ingeweza kuisha, jamani. Lakini Katekista Petelo alikuwa amefika kupokea Padri, amevaa shati nyeupe, na furaha imemujaa, alisema bila ubaya hata kidogo: "Lakini Padri, hizi nyota mbona iko sawasawa na yetu mu shapele!"

"Ile ya Luena," Mama Mbuyi alisema.

Shapele haikuwa mbali, hatua mia tu. Tulienda bote. Bwana Metele mbele na bendera, Padri, masinisti, mwenye kuendesha treni, na mikono yake ya mafuta, bamama, na abiria ya kilase ya tatu benye balishuka na batoto yao ku mugongo juu banataka kuona mwisho. Bwana Metele alinyoosha bendera juu ya banki ya kukalia. Alikata uzi ya nyota ya kwanza, aliiweka ku tundu. Iliingia. Bantu balisema "Aaa!" Ya pili iliingia. "Aaa!" Ya tatu. Balikuwa banahesabu na sauti, sawa mu kilase. Ya sita ilikuwa imejikunja kidogo juu ya uji ya muhogo, aliibonyeza na kidole, iliingia.

"Nani?" aliuliza.

Na Baba Ngoie alisema: "Njo minyi, Bwana. Minyi nilikata."

Baba Ngoie, yenye hajui kukata hata kucha zake! Bote balijua anasema bongo, anadanganya. Kama angenionyesha kidole ningevumilia, kama angenipiga kofi pale pale ningevumilia, lakini kusimama vile, kichwa imenyolewa juu ya ile siku, na kujitwika kosa yangu... Nilisikia miguu yangu inatembea.

"Bwana, haiko yeye," nilisema. "Njo minyi. Yeye hakujua kitu."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua." Bantu balianza kunongona, nilisema na sauti: "Nilitaka kujua ule muti ya Madame banaitengenezaka namna gani. Yote niliweza, nyekundu ilinishinda."

"Na hii bendera, ulifikiri ni ya nini?"

"Nilifikiri haina kazi, Bwana. Miaka tisa ilikuwa inangojea tu."

Bwana Metele alimugeukia masinisti, Papa Kasongo, muntu ya miaka mingi mu masini. "Na weye? Kwa mbali uliona nyekundu muzuri?"

Papa Kasongo alipangusa mikono ku suruali, alikohoa. "Kusema kweli, Bwana, kama ni nyekundu sikuwaza. Niliona kitu ya matundu-matundu inaruka mu jua. Tangu nilianza hii kazi sijaonaka kitu sawa ile. Nilisema, nisimame kwanza, nijue ni nini."

"Kwa hiyo ulisimama juu ulitaka kujua."

"Ndiyo, Bwana. Sawa huyu mama."

Shapele nzima ilianguka na kicheko, Padri alishika tumbo, na Bwana Metele mwenyewe midomo ilimuponyoka kidogo. Minyi sikucheka. Baba Ngoie hakucheka.

Bwana Metele alikunja metele yake, tak, tak, tak. Alisema Ilunga anabakia ku barriere, barua ya kumufukuza hataandika, juu alikimbia na treni ilisimama. Lakini kapita, hapana. Mulinzi yenye hajui hali ya bendera yake, hawezi kupewa bantu ya kusimamia. Na minyi nirudishe nyota yote pahali yake, sasa hivi, treni haitoki mbele ya ile.

Uzi nyekundu haikuwa, ilikuwa paka nyeusi. Nilikaa pa ngazi ya kajumba ya barriere, nilishona, na treni nzima iko inaniangalia. Munajua kushona wakati bantu mia moja banakupa mashauri? "Mama, vuta uzi!" "Ile ya pembeni imeinama!" "Piga fundo mbili, Mama Nyota!" Njo pale, njo ile jina ilizaliwa, sijui hata na kinywa ya nani. Ng'ombe iliamuka yenyewe, ilijinyoosha, ilienda, na hakuna muntu aliiuliza kitu.

Ku misa, juu ya kibanda ya Mutoto Yesu balitundika malaika ya Mama Mbuyi. Ile ya nguruwe njo ilikuwa mbele.

Baba Ngoie hakunipiga, hakunitukana. Hakusema kitu siku tatu, na mungemujua mungeelewa ile ni nini. Siku ya ine, alikuwa anapaka mafuta byatu byake, alisema bila kuniangalia: "Mama Ngoie, unajua hii miaka tisa nilikuwa nangojea nini?"

"Kapita," nilisema.

"Hapana. Kila asubui nikishika ile nyekundu nilikuwa naisemesha mu roho: siku moja utafunguka, treni itasimama, bantu batapona, batasema Ilunga alifanya kazi yake. Ilifika. Nilikimbia, nilifungua, ilisimama. Na balicheka."

Nililia, bandugu, nililia mpaka Ngoie alikimbia inje kuita Mama Mbuyi. Juu ile nyumba ya byumba mbili tuliipata, miaka mbili kisha, na yeye alipanda kapita, barriere yake hakuiacha. Lakini ile siku yake haikurudi. Kila mwaka yenye ilibakia, kijani, kijani, kijani, reli iko muzuri, na ile nyekundu hakuifungua tena hata mara moja mpaka alimaliza kazi. Ilikuwa siku moja tu mu maisha yake yote, na minyi niliitoboa na mukasi kwa kutaka kushinda malaika ya majani ya muhindi.

Wakati alitoka mu kazi, mwenye alimufuata alipewa bendera mupya. Ile ya biraka sita hakuna muntu aliitaka, balimuachia. Iko pale, nyuma ya mulango, imevingirishwa. Na kila Noeli batoto ya batoto yetu bakinizunguka banataka mapambo, nashika mukasi, lakini niliapa: hata kama ni kipande ya gazeti, sikati kitu mbele sijamuuliza mwenyewe.

"Baba Ngoie, hii inafanyaka kazi gani?"

Anachukua ile gazeti, anaigeuza, anaiangalia juu na chini, anachukua wakati yake yote, juu anajua mukono yangu iko inaniwasha. Kisha ananirudishia, anasema: "Hii? Inangojea."

Basi naweka mukasi chini.